Ikolojia ya Ziwa Victoria na Daftari la Chama

Neno ikolojia limekuwa la kawaida katika vitabu vya biolojia vya shule za sekondari, na wanachama wengi hulisikia nyumbani wakati watoto wao wanapojiandaa kwa mtihani. Maana yake ni elimu inayochunguza uhusiano wa viumbe hai, wao kwa wao, na pia uhusiano wao na mahali wanapoishi: maji, udongo, hewa, mwanga na joto. Kwa mwanafunzi elimu hii yaweza kuishia katika karatasi ya majibu. Kwa chama cha ushirika cha wavuvi haiwezi kuishia hapo, kwa kuwa mali yote ya chama, kuanzia hisa za wanachama hadi mkopo wa nyavu na mashine za mitumbwi, inategemea viumbe ambao hakuna mtu anayewalisha wala kuwapalilia. Mkulima wa pamba huliona shamba lake kila asubuhi. Mvuvi hulijua shamba lake kwa kile kinachotoka wavuni tu.

Mfano utakaotumika hapa ni Ziwa Victoria lenyewe. Ziwa hili lina eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi, na karibu asilimia 51 ya eneo hilo iko Tanzania, asilimia 43 Uganda na asilimia 6 Kenya. Ni ziwa pana lakini si la kina kirefu: wastani wa kina chake ni mita 40, na hata penye kina kikubwa kabisa hapazidi sana mita 80. Mambo yaliyotukia humo katika muda wa miaka mia moja iliyopita hufundishwa katika vyuo vikuu vya mbali. Itakuwa ajabu yasipoeleweka mialoni.

Maneno ya lazima

Mahali kiumbe anapoishi huitwa makazi yake. Furu wa miambani na kambale wa kwenye mafunjo wako katika ziwa moja, lakini makazi yao ni mbalimbali. Viumbe wote wa aina moja walio mahali pamoja, mathalan sangara wote wa Ghuba ya Mwanza, huhesabiwa kuwa kundi moja, na kundi hilo lina idadi inayopanda na kushuka. Makundi ya aina zote yakichukuliwa pamoja ndiyo jumuiya ya viumbe. Jumuiya ikitazamwa pamoja na maji, matope, mwanga na upepo unaoitegemeza, yote hayo huitwa mfumo wa ikolojia. Haya ni majina tu, na katibu akiyasahau hatapata hasara. Lililo muhimu ni kazi inayofanyika ndani ya mfumo huo.

Wazalishaji na walaji

Vitabu vya biolojia hutumia maneno mawili ambayo wanaushirika wanayajua tangu zamani, ingawa kwa maana nyingine. Mzalishaji, katika ikolojia, ni mmea wowote uwezao kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, maji na hewa ya ukaa. Ziwani wazalishaji wakubwa si mafunjo ya ufukweni bali ni vijimea vidogo mno, ambavyo vikiwa vingi huyafanya maji yaonekane ya kijani. Mlaji ni kiumbe asiyeweza kujitengenezea chakula na hivyo hana budi kumla mwingine. Wapo walaji wa majani na walaji wa nyama. Mwisho wapo waozeshaji, yaani bakteria na kuvu, ambao huvunjavunja mizoga na mabaki na kurudisha rutuba majini. Bila hao ziwa lingekuwa ghala la maiti.

Vijimea huliwa na vijidudu vya majini, vijidudu huliwa na dagaa, dagaa huliwa na sangara, na sangara huliwa na binadamu. Mfululizo huo ndio mnyororo wa chakula. Kwa kweli mnyororo mmoja haupo peke yake: sangara mdogo hula vijidudu, akikua kidogo hula uduvi, kisha dagaa na furu, na akikosa hao hula watoto wa sangara wenzake. Minyororo mingi iliyoingiliana namna hiyo hufanana na wavu, na kama ilivyo kwa wavu, uzi mmoja ukikatwa mvutano wa nyuzi nyingine hubadilika.

Jambo ambalo mwanachama anapaswa kulishika hapa ni hesabu ya upotevu. Kila chakula kinapopita kutoka ngazi moja kwenda nyingine, sehemu kubwa hupotea, kwa sababu mlaji hutumia nguvu nyingi katika kuogelea, kupumua na kuzaana, na sehemu nyingine hutoka kama kinyesi. Kipimo cha jumla kinachotumiwa na wataalamu ni kwamba sehemu moja tu katika kumi ndiyo hugeuka kuwa mwili wa mlaji. Si kipimo cha mizani ya dukani, bali ni makisio yanayosaidia kufikiri. Kwa makisio hayo, kilo 1,000 za vijimea huzaa kilo 100 za vijidudu, kilo 10 za dagaa, na kilo 1 ya sangara. Samaki anayekula vijimea moja kwa moja, kama alivyokuwa ngege wa asili, angetoa kilo 100 kutokana na vijimea vilevile. Kila ngazi inayoongezwa ni kama mchuuzi mwingine aliyeingia kati ya mkulima na mnunuzi, naye hachukui asilimia tano bali asilimia tisini.

Ngege na macho ya wavu

Kabla ya sangara, samaki aliyetegemewa katika ziwa hili alikuwa ngege. Wakazi wa ufukweni walimvua kwa migono na vifaa vingine vya mafunjo na matete. Mwaka 1905 nyavu za makila za kitani zililetwa katika Ghuba ya Winam, upande wa Kenya, na faida yake ikaonekana upesi. Kila aliyeweza akanunua. Kufikia miaka ya 1920 idadi ya samaki katika kila wavu ilikuwa imeshuka sana, na mwaka 1927 na 1928 mtaalamu Michael Graham alifanya uchunguzi wa ziwa zima. Taarifa yake, iliyotolewa mwaka 1929, ilishauri kwamba wavu wenye macho madogo kuliko inchi 5 usitumike, ili ngege apate kuzaa kabla ya kunaswa.

Sharti hilo lilitumika kwa miaka mingi, ingawa kulisimamia kulikuwa na taabu yake. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 likaondolewa. Wavuvi waliokuwa hawapati ngege wa kutosha kwa inchi 5 wakateremka kwenye macho madogo zaidi, wakapata kwa muda, kisha ngege wenyewe wakatoweka karibu kabisa katika ziwa kuu. Tena katika miaka ya 1950 sato alikuwa ameletwa kutoka nje ya ziwa, naye akagombea na ngege maeneo ya kuzalia na kulelea watoto. Wataalamu huuita ugomvi wa namna hiyo ushindani: aina mbili zinazohitaji kitu kilekile ambacho hakitoshi haziwezi kuishi pamoja bila mojawapo kurudi nyuma. Leo ngege wa asili hupatikana zaidi katika maziwa madogo na mabwawa ya kandokando.

Sangara

Katika miaka ya 1950, upande wa Uganda, na tena mwanzoni mwa miaka ya 1960, sangara waliingizwa ziwani wakitolewa katika maziwa ya Albert na Turkana. Hoja ya waliotaka jambo hilo ilikuwa hii: ziwa limejaa furu, samaki wadogo wenye miba mingi na bei ndogo, basi aletwe samaki mkubwa awale na kuwageuza kuwa nyama yenye thamani. Hoja hiyo haikukosa wapinzani. Mwaka 1960 mwanasayansi Geoffrey Fryer aliandika kuipinga, akionyesha kwa ile hesabu ya upotevu kwamba samaki mla samaki hawezi kutoa kilo sawa na samaki aliowala.

Kwa miaka ishirini hivi sangara walikuwa wachache. Uchunguzi uliofanywa kati ya 1969 na 1971 ulikuta bado furu ni karibu asilimia 80 ya uzito wa samaki wa chini ya ziwa, nao walikuwa wa aina zinazokadiriwa kuwa 500 hivi, nyingi zikiwa hazipatikani mahali pengine popote duniani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sangara walifurika katika Ghuba ya Winam, na miaka michache baadaye katika Ghuba ya Mwanza. Furu wakatoweka mbele yao kwa kasi ambayo hakuna aliyeitazamia, na inaaminika kwamba aina nyingi, pengine zaidi ya nusu, zilipotea au zilibaki chache mno. Katika Ghuba ya Mwanza furu walikuwa pia wamevuliwa kwa meli za kukokota ili wasagwe kuwa chakula cha mifugo.

Haki itendeke kwa sangara. Mavuno ya ziwa hayakupungua kama ilivyohofiwa, bali yaliongezeka mara kadhaa katika miaka ya 1980. Viwanda vya minofu vikajengwa katika nchi zote tatu, na mialo mingi iliyokuwa na vibanda vitatu ikawa miji midogo. Je, hesabu ya Fryer ilikosea? Haikukosea. Furu wengi walikuwa hawavuliwi kabisa, mitumbwi na nyavu ziliongezeka kwa wingi, na maji yalikuwa yanapokea rutuba zaidi kuliko zamani. Hata hivyo ni wazi kwamba ziwa lililokuwa na aina mia tano za kujitegemea likabaki kuwatolea watu sehemu kubwa ya riziki kwa samaki watatu: sangara, dagaa na sato. Mwanachama aliyewahi kuona chama chenye mnunuzi mmoja tu ataelewa hatari yake bila maelezo.

Habari ya dagaa nayo ina funzo lake. Dagaa huliwa na sangara, kwa hiyo mtu angetazamia wapungue pamoja na furu. Badala yake waliongezeka. Sababu ni kwamba wapo furu waliokuwa wakila vijidudu vilevile wanavyokula dagaa. Washindani hao walipoondoka, nafasi yao katika ziwa ikabaki wazi, na dagaa, ambao hukua na kuzaa katika muda usiozidi mwaka mmoja, wakaijaza upesi. Adui alikuwa amewaondolea adui mwingine. Leo dagaa ndio wanaoongoza kwa uzito katika mavuno ya ziwa.

Tangu miaka ya 1990, sangara wakubwa walipopunguzwa na uvuvi, baadhi ya furu wameanza kurudi. Waliorudi si aina zote, na baadhi yao wamebadilika chakula na hata umbo.

Rutuba iliyozidi

Rutuba ni jambo jema shambani, na mwanachama aweza kudhani kwamba ni jema ziwani pia. Ni jema hadi kiasi fulani. Udongo unaobebwa na mito kutoka milima iliyokatwa miti, maji machafu ya miji, na vumbi na majivu yanayoangushwa na mvua, vyote huleta fosforasi na naitrojeni. Vijimea huongezeka, maji huwa ya kijani, na mwanga haupenyi mbali. Vijimea vikifa huzama, na waozeshaji wanapofanya kazi yao huitumia hewa ya oksijeni iliyomo katika maji ya chini. Kwa sababu hiyo, kwa sehemu ya kila mwaka, maji ya chini kabisa katika maeneo mengi ya ziwa hayana hewa ya kumtosha samaki. Upepo mkali ukiyapindua maji hayo yakaja juu, samaki huweza kufa kwa wingi katika usiku mmoja. Mara nyingi watu husema pametiwa sumu, na wakati mwingine ni kweli. Lakini kabla ya kumshitaki mtu ni vizuri kuuliza kwanza upepo ulivumaje.

Uchafu wa maji umewadhuru furu kwa njia ambayo hakuna mtu angeibuni. Majike wa aina nyingi huchagua madume kwa rangi, wengine wekundu, wengine wa buluu. Utafiti uliotolewa mwaka 1997 ulionyesha kwamba katika maji yenye utusitusi rangi hizo hazionekani vema, na aina zilizokuwa mbali huchanganyika zikawa moja. Aina inaweza kutoweka bila samaki hata mmoja kuuawa.

Na tusisahau kuni. Furu na dagaa hukaushwa juani, lakini sangara ana mafuta mengi, hakauki kwa jua tu, na hana budi kubanikwa kwa moto. Kuni zikakatwa, kilima kikawa wazi, mvua ikachukua udongo, udongo ukaingia ziwani. Mnyororo ulioanzia katika ndoo ya samaki ukarudi katika maji yaleyale kwa njia ya mlimani.

Gugu maji

Mmea huu wenye ua zuri ni wa asili ya Amerika ya Kusini, na ulionekana katika Ziwa Victoria kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980. Kwao una wadudu wanaoula. Hapa ulikuta maji yenye rutuba na hakuna adui. Ukipata hali nzuri huweza kujirudufu katika muda wa wiki mbili hivi, na hesabu hiyo ni ya riba juu ya riba: hekta 1 baada ya wiki 20 huwa hekta 1,024. Kufikia mwaka 1998 eneo lililofunikwa lilikadiriwa kuwa hekta 20,000 hivi. Mitumbwi ilishindwa kutoka, bandari zikazibwa, na maji chini ya zulia hilo yakakosa hewa. Kamongo na kambale, wanaovumilia maji yenye hewa haba, walinufaika kidogo, sangara hakuweza.

Kati ya mwaka 1995 na 1997 wadudu wa aina mbili, jamaa ya mbawakawa, waliletwa baada ya kupimwa kwamba hawali mazao ya mkulima. Wakubwa hutafuna majani na watoto wao hutoboa mashina, hata mmea hujaa maji na kuzama. Kufikia mwaka 2000 sehemu kubwa ya gugu ilikuwa imeondoka, ingawa hali ya hewa ya mvua kubwa za 1997 na 1998 nayo ilichangia. Gugu halikwisha. Mbegu zake hukaa topeni miaka mingi, na kila maji yanapopokea rutuba nyingi, hasa Ghuba ya Winam, hurudi.

Mtaji usioandikwa katika mizania

Kila makazi yana kiasi cha viumbe yanachoweza kukibeba. Kundi likiwa dogo na chakula kingi, huongezeka upesi. Likikaribia kiasi hicho, njaa, maradhi na kulana huzuia ongezeko. Ndiyo maana uvuvi wa kadiri hauliharibu ziwa: anayeondolewa huwaachia wengine nafasi ya kukua. Swali ni kadiri ipi.

Ichukuliwe kwa mfano sehemu ya ziwa yenye tani 100 za samaki, ambao huongezeka kwa moja ya tano kila mwaka. Kwa kurahisisha, kiwango hicho kisibadilike. Wavuvi wakichukua tani 20 kwa mwaka, tani 100 hubaki daima. Wakichukua tani 30, mwisho wa mwaka wa kwanza hubaki tani 90, wa pili 78, wa tatu karibu 64, wa nne 46, wa tano chini ya 26. Mwaka wa sita huchukua tani 30 za mwisho na ziwa hubaki tupu. Katika miaka yote hiyo sita, daftari la mapokezi la chama litaonyesha tani 30 bila kushuka, mkopo wa nyavu utakuwa unalipwa kwa makato, kamati itasifiwa katika mkutano mkuu, na mkaguzi wa hesabu hataona kosa. Chama kitakuwa kimekula mtaji na kuuandika kama ziada.

Ziwa halisi haliendi kwa hesabu nyepesi hivyo, lakini dalili yake ni ileile. Ili tani 30 ziendelee kupatikana, mvuvi huongeza nyavu, huongeza saa, huenda mbali zaidi kwa mafuta mengi zaidi, kisha huingia kwenye kokoro na timba ambazo hukusanya hata watoto. Chama kinachokopesha nyavu kinahusika moja kwa moja hapa. Mkopo wa muda mfupi mno humlazimisha mvuvi achague wavu unaolipa upesi, na wavu unaolipa upesi ni ule wa macho madogo. Kamati inayolaumu kokoro mwaloni huku ikidai marejesho yote katika miezi sita inajipinga yenyewe.

Kipimo ambacho nchi za ziwa ziliwahi kukubaliana kwa sangara, cha sentimita 50 hadi 85, kilitokana na mambo haya. Chini ya 50 wengi hawajazaa hata mara moja. Juu ya 85 wengi ni majike, na jike mkubwa hutaga mayai kwa mamilioni, mengi kupita kiasi kuliko jike mdogo. Wanachama wengi wanakubali ule mpaka wa chini na kuudharau ule wa juu, wakiona ni hasara kumwachia samaki wa kilo nyingi. Kwa hesabu za uzazi, huyo ndiye mwenye thamani kubwa zaidi akiwa majini.

Daftari la mapokezi la vyama vingi lina safu za tarehe, jina, kilo na bei. Kwa safu hizo haiwezekani kujua kama ziwa linapanda au linashuka. Zikiongezwa safu nne, yaani idadi ya nyavu zilizotegwa, macho yake kwa inchi, saa zilizotumika majini, na urefu wa samaki kumi wa kwanza wa kila mtumbwi bila kuchagua, basi mwisho wa mwezi katibu ataweza kugawa kilo kwa nyavu na kuilinganisha na mwezi kama huo wa mwaka uliopita. Kwa dagaa ilinganishwe giza na giza, kwa kuwa usiku wa mbalamwezi taa haiwavuti vema. Urefu upimwe kwa ubao ulionyooka, kuanzia ncha ya mdomo hadi ncha ya mkia, samaki akiwa amelala, na alama ya sentimita 50 ikatwe kwa msumeno kwenye ubao huo, maana rangi hufutika kwa maji.